Kamba Hazipigwi Picha

Nina ugomvi na watu wanaopiga picha za machela. Bila shaka mmeziona. Miti miwili, kitambaa cha rangi ya chungwa kimening'inizwa katikati, juu yake turubai limetanda bila kunyanzi, na ndani ya kitambaa kuna mtu mwenye soksi safi anasoma kitabu. Pembeni kuna kikombe cha kahawa juu ya gogo, na gogo lenyewe limekaa sawasawa, jambo ambalo kwa gogo si la kawaida. Mpwa wangu hunitumia picha hizo usiku wa manane, na bado sijaona hata moja yenye mtu aliyepiga magoti kwenye tope, kigingi mdomoni, anaitukana kamba kimoyomoyo. Ilhali bila huyo hakuna picha.

Hebu tuhesabu. Machela ina kamba mbili, moja kila mti. Turubai la kuzuia mvua lina kamba ya mgongo inayotoka mti huu hadi ule. Kuna pembe nne, kila moja na kamba yake na kigingi chake. Upepo ukiwepo, ubavu wa kila upande nao unadai kamba, la sivyo turubai litakuzaba makofi hadi alfajiri. Hizo ni kamba tisa, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye nyumbani kwake ana kitanda cha tano kwa sita, hakina kamba hata moja na hakijawahi kumlalamikia.

Mpwa wangu anafanya kazi za kompyuta hapa Dar es Salaam na ameamua kwamba kulala porini ni tiba. Tiba ya nini, hajasema. Vifaa anaagiza mwenyewe, video anatazama mwenyewe, lakini kukaza kamba anataka tukaze wote. Mimi ni mjomba, na mjomba ana wajibu mwingi kwa mila zetu: mahari, ushauri, kusuluhisha. Sikumbuki ni kikao gani cha ukoo kilichoongeza vigingi.

Tulikwenda Lushoto, kwa sababu Dar hakuna baridi ya kutosha kumfanya mtu ajutie uamuzi wake. Ukishaiacha barabara kuu pale Mombo unapanda mlima kwa kona mfululizo, na kila kona mpwa wangu anasema, "Mjomba, ona miti hiyo!" Mtu aliyeingia kwenye mambo ya machela hatazami tena mandhari. Anatazama nafasi kati ya mti na mti. Tumepita maporomoko, tumepita bustani za kabichi zilizopandwa mahali ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili, yeye anapima miti kwa macho na kunung'unika, "Hatua tano... hapana, hizo saba."

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mwenye shamba upande wa Magamba, rafiki wa rafiki. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha chai ya rangi yenye tangawizi.

"Vyumba viwili viko tayari," akasema. "Mama ameshatandika."

Mpwa wangu akamweleza kwa adabu zote kwamba sisi tutalala pale nje, kwenye mikaratusi, tukiwa tumening'inia. Mzee akanitazama mimi, si yeye.

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Ni vijana hawa."

"Na wewe?"

Sikuwa na jibu la swali hilo na sina mpaka leo. Mzee akatupa masharti yake. Tusiichubue miti yake. Na kabla ya kufunga chochote tutazame juu, maana mkaratusi huangusha tawi bila kupiga hodi. Ushauri wa mzee huyo ulikuwa bora kuliko video zote alizotazama mpwa wangu, na ulikuwa mfupi. Kwa upande wa kuchubua tulikuwa salama, kwa sababu machela haifungwi mtini kwa kamba nyembamba. Inafungwa kwa mkanda mpana, wa vidole viwili na zaidi, ili uzito usikate gamba.

Lakini kijana alikuwa na wazo lake. Alikuwa na bunda la kamba ya parachuti, ile ambayo ndani ina nyuzi saba na nje imefumwa, na tangu Segera alikuwa akiisifia. "Mjomba, hii inabeba kilo 250!" Akataka hiyo ndiyo ishike machela, tena ivutwe mpaka inyooke kabisa, eti ikinyooka ndiyo na mgongo utanyooka.

Hapa ndipo hesabu za sekondari zinapokuja kumdai mtu deni lake. Mkanda wa machela unatakiwa ushuke kwa nyuzi 30 hivi. Huhitaji kifaa cha kupimia: nyosha kidole cha shahada mbele, inua dole gumba, na mkanda upite kutoka ncha ya dole hadi ncha ya kidole. Kwa mteremko huo kila upande unabeba uzito sawa na wako wote. Mimi nina kilo 85 bila viatu, basi mti wa kulia unavutwa kwa kilo 85, na wa kushoto vivyo hivyo. Ukivuta mpaka zibaki nyuzi 10, yule yule mimi, bila kuongeza hata ugali wa jioni, navuta kila upande kwa kilo 245 hivi. Yaani ile kamba ya kilo 250 ingenishikilia kwa rehema za kilo tano, na hapo sijajigeuza. Na kunyooka kwa mgongo hakutokani na kukaza. Unaiacha machela ibonyee, halafu unalala kimshazari, kichwa upande huu, miguu upande ule, na kitambaa kinatandika chenyewe. Nilimweleza yote haya kwa utulivu. Akaitazama simu yake kuona kama mtandao upo, ili ahakikishe.

Sasa turubai. Turubai ni kinyume cha machela: hakuna anayelilalia, kwa hiyo mgongo wake unaukaza kadiri unavyoweza. Na ukishaukaza, ujue kwamba kazi hiyo ni ya muda. Mkifunga kwenye miti myembamba, mtu anapoingia kwenye machela miti yote miwili inainama kidogo kumfuata, na kamba ya mgongo, iliyokuwa ikilia ukiigonga kwa kidole, inalegea papo hapo. Kwa hiyo unakaza, unaingia, linalegea, unatoka, unakaza. Mpwa wangu anaita hiyo kurekebisha. Mimi nina jina lingine, lakini gazeti hili linasomwa na watoto.

Kwa kazi hiyo alikuwa amenunua vibano vya alumini, vidogo kuliko kifungo cha shati, vya kushika kamba bila kufunga fundo. Vizuri sana vikiwa mezani. Jua lilipozama nyuma ya mlima kimoja kikamponyoka kikaingia kwenye majani makavu ya mkaratusi, ambayo nayo, kwa mapenzi ya Mungu, yana rangi ile ile. Tukapoteza nusu saa kwa tochi ya simu. Hatukukiona. Kipo pale hadi leo, na siku moja mjukuu wa yule mzee atakilima na kujiuliza watu wa kale walikuwa wakifanya nini.

Baada ya vibano tukaenda kwenye mafundo ya video. Kulikuwa na moja la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, tangu mwaka 1931: unachukua uzi mwembamba, unauzungusha mara kadhaa kwenye kamba nene, na fundo linateleza ukilisukuma kwa mkono lakini linang'ata ukilivuta. Kwa turubai linafaa kweli, maana unaweza kulisogeza lote kushoto au kulia kwenye kamba ya mgongo bila kufungua chochote. Hilo silipingi. Ila uzi lazima uwe mwembamba kuliko kamba, na kijana alitumia vipande viwili vya bunda moja, unene mmoja. Fundo likazunguka vizuri, likapendeza, likapigwa picha, halafu likashuka taratibu mpaka kwenye mti likapumzika.

Mvua ikaja usiku. Mvua ya Usambara wakati wa vuli haiji kwa vishindo vya Dar. Inaanza kama ukungu uliochoka, na ukija kushtuka kila kitu kimeshalowa. Nilikuwa macho, kwa sababu mtu mzima aliyening'inizwa anakuwa macho.

"Mjomba."

"Nakusikia."

"Turubai limenigusa pua."

"Kaza kamba."

"Nje kunanyesha."

"Najua kunanyesha. Ndiyo maana limekugusa pua."

Nisikilizeni sasa, maana jambo hili ndilo limenifanya nichukue kalamu. Kamba ile ya parachuti ni ya nailoni, na turubai lile pia lilikuwa la nailoni. Nailoni hunywa maji. Hata bila mvua, kwa unyevu wa hewa ya kawaida tu, hubeba kiasi cha asilimia 4 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata nusu ya asilimia 1. Na nailoni ikishakunywa hurefuka. Kamba inarefuka, turubai linarefuka, na vyote vinafanya hivyo usiku, wakati wa mvua, muda pekee ambao uliviweka pale vikufae. Jua likichomoza vinakauka na kujinyoosha, vinakaa barabara, mtu akipita anasema jamani turubai lenu limekazwa vizuri. Wanakemia wa DuPont waliitengeneza nailoni mwaka 1935. Miaka yote hiyo hakuna aliyekaa nayo chini akaielewesha.

Kinachouma zaidi ni kwamba sisi tulilelewa na tatizo la upande wa pili. Tulipokuwa skauti, mahema yalikuwa ya turubai zito la pamba na kamba zilikuwa za katani. Katani ikilowa hunenepa, na ikinenepa hufupika. Mvua ikinusa tu, mwalimu wetu alipita hemani akipiga kelele, "Legezeni kamba! Legezeni!" Usipolegeza, kamba inajikaza yenyewe mpaka inang'oa kigingi au inachana hema. Kwa hiyo mimi mikono yangu imefundishwa kulegeza mvua inaponyesha, na leo, nikiwa na mvi, naambiwa nikaze. Kizazi kimoja kimetoka kwenye kamba inayokaza mno kikaangukia kwenye kamba inayolegea mno, na hakuna siku hata moja katikati tuliyolala.

Na tulikuwa tumeipita katani njiani! Kabla ya Mombo, upande wa Korogwe, mkonge umesimama kwa safu kando ya barabara. Uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 yakazuka mashamba ya Tanga. Asili yake ni Yucatán, Mexico, ambako watu wamelala kwenye machela vizazi na vizazi, na machela nyingi zilisukwa kwa nyuzi za mkonge huo huo na jamaa zake. Yaani kamba na kitanda ni ndugu wa damu. Sisi tukachukua kamba, kitanda tukakiacha, na miaka zaidi ya mia baadaye mpwa wangu anakwenda kukinunua kwa dola.

Watetezi wa turubai wataniambia kwamba mjini hatuna matatizo haya. Uongo mtupu. Nendeni kwenye msiba wowote mtaani kwetu. Turubai linafika na vijana wanne, na kila mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anageuka mhandisi. Kamba moja inafungwa kwenye geti la jirani ambaye hajaulizwa. Nyingine kwenye nguzo ya umeme. Ya tatu, kwa kuwa hakuna kitu kingine, inafungwa kwenye bampa ya gari la mtu aliyekuja kutoa pole, na mtu huyo akimaliza kutoa pole anawasha gari. Halafu ikinyesha, turubai ambalo halikuwekewa mteremko linaanza kuota kitambi. Maji yanajikusanya pale katikati, tumbo linashuka, wafiwa wanalitazama, mchungaji au shehe naye analitazama huku akiendelea. Mwishowe kijana mmoja anachukua mti wa ufagio na kulisukuma kwa chini, kwa nia njema kabisa, na ndoo tatu za maji zinamwagikia kamati ya fedha.

Dawa yake ni moja porini na mtaani: mgongo juu, pembe chini, na pembe moja ishuke kuliko wenzake ili maji yajue pa kutokea. Kigingi nacho kisisimame wima. Kilale kidogo, kichwa kikiwa mbali na turubai, la sivyo kamba inakinyofoa. Kwenye udongo wa msituni, ule mweusi laini wa majani yaliyooza, hata hivyo hakitoshi. Unaweka jiwe juu yake, na Lushoto mawe yapo.

Turudi kwa pua ya mpwa wangu. Alitoka, akakaza, akarudi. Baada ya muda:

"Mjomba, turubai linavuja."

"Halivuji."

"Mgongo wangu umelowa."

Turubai lilikuwa halivuji. Nikaingiza mkono chini ya mkanda wake na tochi nikaishika kwa meno. Maji yalikuwa yakiteremka kwenye shina la mkaratusi, yakaukuta mkanda wa machela, yakageuza njia. Tone moja lilikuwa limeshika upande wa chini wa mkanda, likaenda polepole, likasimama kwenye mshono, likangoja mwenzake, wakaungana, wakaendelea wote wawili hadi kwenye kitambaa wakapotea ndani. Nyuma yao kulikuwa na foleni. Mvua ilikuwa imeshindwa kuingia kupitia juu, ikaamua kupita mlangoni.

Hilo nalo lina dawa, na nashangaa vifaa vya bei ile haviuzwi nayo. Unafunga uzi mfupi kwenye mkanda, chini ya turubai, kabla maji hayajafika kwenye machela, na unauacha uning'inie. Maji yakifika pale yanaufuata uzi kwenda chini na kudondoka ardhini. Nilitumia kamba za viatu vyangu, moja kila upande. Mtakaohesabu mmeshaona: tumefika kamba kumi na moja, na mimi kesho nitatembea viatu vikipwaya.

Kulipokucha tukashuka mjini Lushoto kununua chochote cha moto. Karibu na soko kulikuwa na lori linapakia kabichi na karoti za kwenda Dar, mzigo umezidi bodi kwa kimo cha mtoto. Utingo alikuwa anafunga turubai. Nikamshika mpwa wangu mkono nikamwambia asimame, atazame, asishike simu.

Kijana yule wa lori alikuwa na ndala, na ncha nyingine ya kamba ilikuwa imeshafungwa upande wa pili. Akaidaka kamba ilivyorushwa juu ya mzigo, akaikunja kitanzi kwenye usawa wa kifua kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono. Ncha akaishusha ikapita chini ya ndoano ya bodi, akairudisha juu, akaipenyeza kwenye kitanzi. Halafu akainua mguu mmoja, akauweka kwenye bodi, akajiachia nyuma kwa uzito wake wote. Kabichi zililia. Kwa dole gumba akabana pale kwenye kitanzi kamba ilipojikunja, akapiga fundo la kuchomoa, akahamia ndoano inayofuata. Hakuwa ametazama mikono yake hata mara moja. Muda wote alikuwa anabishana na dereva kuhusu hela ya chai.

Kwa hesabu za darasani mpangilio huo unaiongezea nguvu mikono yako mara tatu, kitanzi kikiwa kimefanya kazi ya roda. Msuguano unakula sehemu kubwa, lakini kinachobaki kinatosha kuifikisha karoti Dar bila kuanguka Segera. Na kufungua ni kuvuta ncha mara moja tu.

"Kaka, hilo fundo linaitwaje?" mpwa wangu akamuuliza.

Utingo akamtazama, akalitazama fundo. "Hili? La kufungia."

Mpwa wangu aliwahi kulitazama fundo hilo hilo kwenye video ya dakika kumi na nane, yenye muziki, ya bwana mmoja wa Marekani mwenye ndevu zilizochanwa. Nilimwomba anionyeshe. Bwana yule anafika kwenye kitanzi dakika ya tisa.

Tulipotoka sokoni nikampitisha kwa fundi baiskeli. Nilitaka tyubu mbovu, isiyozibika tena. Fundi akaniuliza ya kazi gani, nikasema ya kulalia, akanipa bila kudai kitu, nadhani kwa huruma. Tukaikata mikanda, ile ile ambayo watu wa baiskeli na bodaboda hufungia kreti za soda na magunia ya mkaa. Kila pembe ya turubai tukaiwekea kipande kati ya kamba na kigingi, kimevutwa mpaka kikaribie kukataa. Nailoni ikinywa maji ikarefuka, mpira unajirudi na kuula ulegevu wote, na wewe unaendelea kulala. Upepo ukivamia, mpira unanyooka kwanza kabla kigingi hakijaombwa kung'oka. Mpira huu una kasoro zake. Jua linaupasua, na unakuachia mikono myeusi ambayo mke wangu aliikagua kwa muda kabla ya kukubali maelezo. Lakini usiku ule mvua ilinyesha tena na hakuna pua iliyoguswa.

Msinielewe vibaya, sijasema nililala. Usiku wa manane nikaitikia wito wa haja ndogo, kama inavyompasa mtu wa umri wangu, na kamba ya pembe ya kaskazini ikanishika kwenye ugoko. Kamba hizi zinatengenezwa rangi ya kijani ya majani au nyeusi. Ni nani aliyekaa ofisini akaamua kwamba kitu kinachofungwa kwenye usawa wa ugoko, gizani, msituni, kiwe na rangi ya msitu? Zipo zenye nyuzi zinazong'aa zikimulikwa, na mpwa wangu anazijua, anasema zilikuwa ghali. Akajifunza ughali wa kunisikiliza mimi mpaka asubuhi. Siku hizi nafunga vipande vya mfuko mweupe wa sandarusi wa mchele, kila kamba kipande chake, na wala sijali vinavyoonekana kwenye picha. Anasema vinaharibu. Anavikata kwa programu ya simu kabla ya kutuma.

Dada yangu alipigiwa simu akaelezwa yote. Akaniuliza swali moja tu: "Kaka, mzee wa watu alikuwa ametandika vyumba viwili?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Juzi kijana amekuja nyumbani na habari njema. Ameachana na machela. Amekubali kwamba kamba ni nyingi mno kwa mtu mzima, akaomba radhi, akasema safari ijayo, milima ya Pare, tutalala kwenye hema, chini, kwa heshima. Hema la kisasa, la watu wawili, linasimama lenyewe kwa fito za alumini. Akanionyesha picha. Miti ilikuwa mbali, hema limesimama peke yake kwenye majani mafupi, na mbele yake mtu ana soksi safi.

Nikavaa miwani nikamwuliza lina kamba ngapi.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akahesabu upande wa kushoto, akahesabu upande wa kulia, akanyamaza, akarudia kushoto.

"Kumi na mbili, Mjomba," akasema. "Ila za mlangoni si lazima."